Somo la 27: Neno "kuchukiwa"

Maneno ya kujifunza kwanza

*Kuepuka*: kukaa mbali na mtu au na kitu.
*Kutenga*: kumweka mtu peke yake, mbali na wenzake.
*Kudharau*: kumwona mtu kuwa si kitu.
*Kusingizia*: kumtwika mtu kosa ambalo hakulifanya.
*Bure*: pasipo sababu.
*Ndagala*: samaki wadogo wa ziwa Tanganyika. Huanikwa juani, kisha huuzwa sokoni.

1. Jamaa ya neno hili

Maneno yana jamaa zao, kama watu walivyo na jamaa zao. Neno *kuchukiwa* lina jamaa kubwa. Tutazame ndugu zake mmoja mmoja.

*Kuchukia* ni kukataa mtu au kitu moyoni kwa nguvu. Mfano: Mama anachukia uongo. Mkulima anachukia panya.

*Chuki* ni jina la jambo hilo linalokaa moyoni. Mfano: Chuki iliingia kati ya wale ndugu wawili kwa ajili ya shamba la baba yao.

*Kuchukiana* ni kuchukia huku na huku. Mfano: Majirani hao wanachukiana; hawasalimiani hata wakikutana kisimani.

*Kuchukiza* ni kumfanya mwingine achukie. Mfano: Nyama iliyooza inachukiza.

*Chukizo* ni kitu chenyewe kinachochukiza. Kikiwa kimoja ni chukizo, vikiwa vingi ni machukizo.

*Kuchukiwa* ni kuwa mtu au kitu ambacho wengine wanakichukia. Mfano: Mwizi wa mbuzi alichukiwa na kijiji kizima.

Namna ya kufanya neno *kuchukiwa* si ngumu. Twaweka herufi *w* mbele ya *a* ya mwisho. Ndivyo tunavyofanya kwa maneno mengine mengi:

ambia, ambiwa
saidia, saidiwa
tumia, tumiwa
chukia, chukiwa

Katika maneno ya upande wa kwanza, mwenye kutajwa ndiye anayetenda. Katika maneno ya upande wa pili, mwenye kutajwa anatendwa tu. Mtoto akisaidia, anafanya kazi yeye. Mtoto akisaidiwa, kazi inafanywa na mwingine. Vivyo hivyo mtu anayechukiwa pengine hafanyi neno lo lote. Pengine amelala nyumbani mwake, wala hajui. Chuki imo ndani ya mioyo ya wengine. Jambo hili lishikeni vema, kwa maana litatufaa hapo mbele.

2. Maneno yanayofanana

Wanafunzi wengi huandika vibaya neno hili katika imla. Wanasikia *kuchukiwa*, wanaandika *kuchukuwa*. Hata wakubwa huandika *kuchukuwa* wakitaka kusema *kuchukua*, yaani kubeba au kupokea kwa mkono. Basi herufi moja tu inaleta hatari. Tazameni:

Mtoto anachukiwa: watu hawampendi hata kidogo.
Mtoto anachukuliwa: mtu anambeba, au anampeleka mahali.

Tuseme mama mmoja ametuma barua kwa dada yake. Alitaka kuandika: "Mtoto wangu atachukuliwa na mjomba wake siku ya Jumapili." Lakini aliandika: "Mtoto wangu atachukiwa na mjomba wake siku ya Jumapili." Dada yake ataisoma barua hiyo kwa mashaka makubwa! Kwa hiyo andika polepole, kisha soma tena yale uliyoandika.

Kuna tofauti nyingine, nayo ni ndogo kwa macho lakini ni kubwa kwa maana. Tukisema *amechukia*, pasipo kumtaja mtu, maana yake ni: amekasirika, amekwazika. Mfano: Baba amechukia leo kwa sababu mvua imeharibu matofali. Hasira hiyo itapita. Kesho baba atacheka. Lakini tukisema *amenichukia*, silabi ndogo *ni* imeingia katikati, nayo inaonyesha mtu. Maana yake: moyo wake umenikataa mimi. Hasira ya baba juu ya matofali, na chuki ya mtu juu ya mtu, si jambo moja.

3. Kutopendwa, kuogopwa, kudharauliwa, kuchukiwa

Mtoto mmoja akinyimwa mpira wakati wa kucheza, hulia na kusema: "Ninachukiwa!" Je, ni kweli? Pengine si kweli. Maneno tunayo mengi, na kila neno lina mahali pake. Mtu mwenye akili huchagua neno linalofaa.

*Kutopendwa sana*. Watoto wengine hawapendi sombe. Wakipewa bugali na sombe, wanakula kidogo, wanaacha. Hawaichukii sombe, wanapenda tu maharagi zaidi. Hata kati ya watu ni hivyo. Huwezi kuwa rafiki mkubwa wa kila mwanafunzi wa kalasi yako. Asiyekuchagua kuwa rafiki yake hakukuchukia.

*Kuogopwa*. Munganga wa dispansari anaogopwa na watoto wadogo kwa ajili ya sindano. Wakimwona, wanajificha nyuma ya mama zao. Lakini hawamchukii, wala yeye hawachukii. Sindano ikipita, wanamwaga kwa mkono.

*Kudharauliwa*. Mtu anayedharauliwa huonekana kama si kitu. Watu hawamkasirikii, wanapita tu mbele yake kama wanavyopita mbele ya jiwe. Dharau yaumiza, lakini si chuki.

*Kuepukwa na kutengwa*. Mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza aweza kutengwa kwa siku kadhaa ili apone na wengine wasiugue. Waliomtenga wampenda, nao wamletea chakula mlangoni. Lakini mtu aweza kutengwa pia kwa sababu ya chuki. Basi kutengwa ni tendo. Chuki ni moyo wa tendo hilo, au si moyo wake. Ni lazima kutazama vizuri.

*Kuchukiwa*. Neno hili ndilo zito kuliko yote. Anayechukiwa hutakiwa mabaya. Akianguka, wenye kumchukia hufurahi. Akipata mema, huona uchungu. Kwa hiyo neno hili lisitupwe ovyo. Asiyepewa mpira aseme: "Sikupewa mpira." Hapo mwalimu aweza kumsaidia.

4. Maneno mawili madogo: "na" na "kwa"

Sentensi yenye *kuchukiwa* yaweza kusimama yenyewe: *Yule anachukiwa*. Lakini sentensi hiyo imeficha mambo mawili.

La kwanza: ni nani anayemchukia? Tunajibu kwa neno *na*: Anachukiwa na jirani yake.

La pili: ni kwa sababu gani? Tunajibu kwa neno *kwa*: Anachukiwa na jirani yake kwa ajili ya mpaka wa shamba.

Sasa sentensi imekamilika. Sasa tunaweza kufikiri. Labda jirani ana haki, labda hana. Tunaweza kwenda shambani na kuutazama mpaka. Lakini kama tumesikia tu *Yule anachukiwa*, tunaanza nasi kumtazama yule kwa jicho baya, na hatujui tumeanza kwa nini.

Nyumbani na sokoni, hapa Kongo, watu wengi hawasemi *anachukiwa*. Wanasema: *banamuchukia*. Hiyo *ba* ya mwanzo ni sawa na *wa* ya kitabu. Maana yake ni "wao". Lakini ni wao nani? Wale wa mtaa? Wale wa nyumba ile? Mtu mmoja tu? Sentensi haisemi. Kwa hiyo, ukisema Kiswahili cha kitabu au Kiswahili cha sokoni, ulizo ni lile lile: nani?

5. Ndege anayechukiwa

Tumpime bundi kwa maulizo hayo mawili.

Bundi anachukiwa. Na nani? Na watu wengi wa vijiji vingi vya Afrika, na hata wa mabara mengine. Kwa nini? Wanasema kwamba bundi akilia juu ya paa, mtu atakufa katika nyumba hiyo. Wengine wanasema kwamba bundi ametumwa na mlozi. Basi wakimwona wanamtupia mawe. Wakikuta kiota chake wanaua makinda.

Sasa tutazame bundi mwenyewe anavyoishi. Kuna bundi mmoja anayekaa karibu sana na watu. Uso wake ni mweupe, nao una umbo la moyo. Hukaa katika minara ya makanisa, chini ya mapaa, ndani ya maghala na katika mashimo ya miti. Mchana hulala. Usiku hutoka kuwinda.

Mbona anakaa karibu na watu? Ametumwa na mlozi? La. Amefuata panya, na panya wamefuata chakula cha watu. Palipo mahindi, mpunga na karanga, panya hawakosi. Na palipo panya, bundi atakuja. Kwa usiku mmoja bundi mmoja aweza kula panya wawili, watatu, hata wanne. Akiwa na makinda, hukamata wengi zaidi.

Macho yake huona vema hata penye mwanga mdogo sana. Lakini masikio yake ndiyo ya ajabu zaidi. Sikio moja liko juu kidogo kuliko la pili, na manyoya ya uso hukusanya sauti kama sahani. Hivyo aweza kujua mahali panya alipo gizani kwa kusikia tu nyayo zake katika majani makavu. Manyoya ya mabawa yake ni laini, na ukingo wake una nyuzi nyuzi. Kwa hiyo akiruka hasikiki. Hapo watu huogopa: wanaona kitu cheupe kinapita usiku bila sauti. Lakini kama mabawa yake yangepiga kelele, panya wangemsikia na kukimbia.

Humeza panya mzima. Baadaye hutapika kidonge chenye mifupa na manyoya. Ukipata vidonge hivyo chini ya mnara, vifungue kwa kijiti. Utaona mafuvu madogo ya panya. Hayo ndiyo maneno ya shahidi: bundi hali watu, wala hali roho za watu. Anakula wale waliokuwa wakila mahindi yako.

Katika nchi ya Malaysia kuna mashamba makubwa ya michikichi, miti ile ile inayotupa mawese. Panya huharibu matunda yake. Wakulima wa huko wamesimamisha nguzo shambani, na juu ya kila nguzo wameweka sanduku la mbao, ili bundi wapate kutaga humo. Ndege ambaye hapa anapigwa mawe, kule anajengewa nyumba. Ndege ni wa jamaa moja. Mioyo ya watu tu ndiyo iliyo mbalimbali.

Na ile habari ya kifo je? Bundi hulia usiku mwingi karibu na nyumba nyingi. Usiku mwingi hakuna anayekufa, na watu wanausahau. Usiku mmoja mzee mgonjwa anakufa, na bundi alikuwa amelia. Usiku huo haukusahauliwa. Hivyo ndivyo bundi anavyopata sifa mbaya.

Basi tuandike sentensi kamili: *Bundi anachukiwa na watu kwa jambo ambalo hakulifanya.* Huko ndiko kuchukiwa bure. Na kinyonga naye ni vivyo hivyo: watu humkimbia, lakini hana sumu, naye hula wadudu.

6. Chuki inapomshika mtoto

Jiwe linalotupwa juu ya bundi ni jambo baya. Lakini kuna jambo baya zaidi. Katika miji yetu na vijiji vyetu, watoto wengine wamechukiwa kwa namna hiyo hiyo. Baba amepoteza kazi; mtoto mdogo ameugua; mazao yamekufa. Watu wa nyumba wanatafuta mwenye kosa. Wanatazama mtoto asiye na mtetezi: yatima, au mwenye kifafa, au mwenye kuota ndoto usiku na kulia, au mkaidi kidogo. Mmoja ananong'ona: "Huyu ni mlozi." Mwingine anarudia. Mwishoni wote wanasema, na hakuna anayekumbuka ni nani aliyeanza. Mtoto anapigwa, ananyimwa chakula, anafukuzwa, analala sokoni.

Sheria ya Kongo inakataza jambo hili. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inasema wazi kwamba ni marufuku kumtesa mtoto na kumsingizia ulozi, na kwamba mwenye kufanya hivyo aadhibiwe. Tena iko sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto. Kwa sheria hiyo, mtu mzima anayemsingizia mtoto ulozi aweza kufungwa. Ni vema kila mwanafunzi ayajue hayo. Ukisikia mwenzako anasingiziwa hivyo, usirudie neno lile. Kamwambie mwalimu, au mtu mzima mwingine unayemwamini, upesi. Na kama ni wewe unayesingiziwa, kosa si lako. Sema nawe.

7. Habari ya mtoto wa ndagala

Katika shule moja ya mjini alifika mtoto mgeni. Jamaa yake walitoka kando ya ziwa, nao waliuza ndagala. Kila asubuhi kabla ya shule, alibeba kikapu cha ndagala kichwani mpaka sokoni. Kutoka huko alikimbia shuleni. Nguo yake ilinuka samaki.

Siku ya kwanza, mwenzake wa benchi alisogea kidogo. Siku ya pili alisogea tena. Baada ya juma moja benchi lilikuwa la mgeni peke yake. Wakati wa kucheza hakuna aliyemwita. Alisimama kando ya ukuta akitazama mpira, na mpira ulipomfikia aliurudisha kwa mguu, akasimama tena.

Siku moja mwalimu alifundisha somo la sarufi. Alisema: "Nipeni sentensi yenye neno la kutendwa." Mtoto mgeni alikuwa hajafika, siku hiyo soko lilikuwa kubwa. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono akasema: "Mgeni anachukiwa." Wote wakacheka.

Mwalimu hakucheka, wala hakukaripia. Aliandika sentensi ile ubaoni: *Mgeni anachukiwa*. Kisha alisema: "Sarufi yake ni sawa. Lakini sentensi haijaisha. Anachukiwa na nani?"

"Na watu, mwalimu."

"Watu gani?"

"Na kalasi."

Mwalimu akaandika: *Mgeni anachukiwa na*, akaacha nafasi tupu. Akaweka chaki juu ya meza. "Kalasi ni jina la chumba. Chumba hakina moyo. Anayemchukia aje aandike jina lake hapa."

Hakuna aliyesimama. Walitazama chaki, wakatazama madaftari yao. Yule aliyetoa sentensi aliinamisha kichwa. Nje walisikia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakihesabu kwa sauti mpaka mia.

"Vema," alisema mwalimu. "Basi hatumpati mwenye kumchukia. Tutafute sababu. Kwa nini?"

Msichana mmoja akajibu polepole: "Kwa harufu ya ndagala, mwalimu."

"Harufu hiyo inachukiza?"

"Ndiyo, inachukiza."

"Jana jioni ni nani aliyekula ndagala nyumbani?"

Mikono zaidi ya ishirini ilipanda. Hapo walicheka tena, lakini kicheko hiki hakikuwa kama kile cha kwanza. Mwalimu alifuta ubao, akaandika upya: *Harufu ya ndagala inatuchukiza darasani.* Akasema: "Tazameni. Sasa tumepata sentensi ya kweli. Katika sentensi hii mgeni hayumo kabisa. Nayo harufu yaweza kuondolewa."

Mtoto mgeni alipofika, amechelewa na amelowa jasho, mwalimu alimwita pembeni. Walipatana jambo rahisi: shati la shule litalala katika kabati ya kalasi, na la sokoni litavuliwa penye bomba, baada ya kunawa. Siku iliyofuata aliyesogea wa kwanza alirudi katika benchi. Wanafunzi wawili hawakuwa rafiki zake hata mwisho wa mwaka. Lakini walicheza naye, na walimsalimu. Hayo yanatosha. Hawakumpenda sana, kumchukia, hawakumchukia.

8. Ukiona unachukiwa

Kuna methali isemayo: *Akufukuzaye hakwambii toka.* Maana yake, mtu asiyekutaka hasemi waziwazi. Husogeza kiti chake, hunyamaza ukiingia, hukujibu kwa neno moja. Ukiona dalili hizo mara nyingi, jiulize maulizo mawili kwa moyo mtulivu.

La kwanza: Je, mimi ninachukiza kwa jambo ninalolitenda? Labda unachukua kalamu za wenzako bila kuomba. Labda unacheka mtu anaposoma vibaya. Labda unasema habari za siri. Kama ndivyo, tendo lako ndilo chukizo. Acha tendo lile, omba radhi, rudisha kalamu. Watu wengi husamehe upesi kuliko tunavyofikiri.

La pili: Au ninachukiwa bure? Labda wanakuchukia kwa lugha yako, kwa kabila yako, kwa umaskini wa jamaa yako, kwa mguu wako uliopooza, au kwa sababu unapata alama nzuri. Hayo si makosa. Usiyaonee haya, wala usijaribu kuwa mtu mwingine. Mtafute mmoja aliye mwema, uzungumze naye. Mara nyingi mmoja tu yatosha kuanza. Tena usilipe chuki kwa chuki, kwa maana kuchukia ni kazi inayochosha, nayo haina mshahara.

Na wewe unayemchukia mwingine, kumbuka methali ya pili: *Ukipenda, chongo huita kengeza.* Chongo ni jicho lililopofuka. Kengeza ni jicho linalotazama upande tu. Mwenye kupenda hupunguza kasoro ya mpenzi wake. Mwenye kuchukia hufanya kinyume: akiona kengeza, huita chongo. Kwa hiyo maneno ya mwenye chuki juu ya mtu anayemchukia yapimwe kwanza, kama vile mnunuzi anavyopima tena mizani ya mwuzaji.

Maulizo

1. Neno *chuki* na neno *chukizo* yana tofauti gani?
2. Eleza: *Mwalimu amechukia. Mwalimu amenichukia.*
3. Kwa nini watoto wanamwogopa munganga, lakini hawamchukii?
4. Bundi hula nini? Mkulima apata faida gani kwake?
5. Kwa nini watu hukumbuka usiku ambao bundi alilia na mtu akafa, nao husahau usiku mwingine?
6. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2006 kinakataza nini juu ya watoto?
7. Kwa nini hakuna mwanafunzi aliyeandika jina lake ubaoni?
8. Wanafunzi wawili hawakuwa rafiki za mgeni. Je, walifanya vibaya? Eleza.

Mazoezi

A. Jaza kwa *chukia*, *chukiwa*, *chukiza*, *chukiana* au *chukuliwa*, ukibadili mwanzo wa neno inavyofaa:

1. Maji machafu ya mtaro ya... watu wa mtaa.
2. Mtoto mdogo ali... na dada yake mgongoni.
3. Mwenye kusema uongo ata... na rafiki zake.
4. Ndugu wasi... kwa ajili ya urithi.
5. Mama ana... wizi.

B. Kamilisha sentensi hizi kwa *na* na kwa *kwa ajili ya*:

1. Mbwa yule anachukiwa...
2. Mwuzaji huyo alichukiwa...
3. Uvivu unachukiwa...

C. Geuza sentensi hizi ziwe za kutendwa. Mfano: *Wakulima wanachukia panya. Panya wanachukiwa na wakulima.*

1. Wanakijiji walimchukia mwizi.
2. Wanafunzi wanachukia kelele.
3. Watu wenye haki watachukia rushwa.

Imla

Bibi mmoja alikuwa na paka mweusi. Majirani walimchukia paka huyo kwa rangi yake tu. Siku moja paka alichukuliwa usiku, akatupwa ng'ambo ya mto. Baada ya mwezi mmoja panya walijaa katika nyumba zote, wakakata nguo na magunia. Majirani wakaenda ng'ambo kumtafuta yule waliyemchukia. Walimkuta kwa mvuvi mmoja, amenona, amelala juani. Mvuvi akakataa kumtoa.

Maliza habari hii kwa sentensi tano. Tumia neno *kuchukiwa* mara moja, na usisahau kusema *na nani*, tena *kwa nini*.